Kabange Hakupewa Laptop

Najua utacheka. Cheka kwanza umalize, halafu unisikilize, kwa sababu haya yalinikuta mimi mwenyewe, nikiwa nimelala vizuri, nimekula, na sijaonja hata tone la pombe. Na usisubiri niseme ilikuwa usiku wa manane. Ilikuwa saa nane mchana, jua la Kamina linachoma mabati, watu wanapita njiani kwenda gare, stesheni ya treni, na mizigo yao. Mzimu gani hutoka saa nane mchana? Hata mimi niliuliza hivyo.

Mimi ni mwanamke fundi wa mtandao. Hapa mjini wananiita Teknisien, wengine kwa heshima, wengine kwa dhihaka, maana bado wapo wanaume ambao wakiona mwanamke ameshika bisibisi wanadhani anampelekea mumewe. Sina mume. Bisibisi ni yangu.

Siku hiyo ya Ijumaa niliitwa na shule moja ya sekondari, jina lake sitalitaja. Mkuu wa shule, sisi tunamwita perefe, alinipigia simu sauti imemkauka kwa kufoka. Orodha ya wanafunzi wa mwaka wa sita, sizyeme kwa lugha ya hapa, wale wa mtihani wa serikali, ilitakiwa iingie kwenye tovuti kabla ya saa kumi na moja jioni. Asiyekuwemo kwenye orodha hafanyi mtihani, mwaka wake umekwenda na maji. Na tovuti ilikubali mashine moja tu, ile iliyoandikishwa kwa jina la shule, yaani laptop ya sekretari. Kuandikisha nyingine kungechukua wiki nzima. Sasa laptop hiyohiyo ndiyo iliyokuwa inashika mtandao dakika tano, inakata. Inashika tena, inakata. Orodha ikikaribia mwisho, wanarudi mwanzo.

Kwenye orodha hiyo kulikuwa na jina la Mado, mdogo wangu wa tumbo moja. Tangu baba yetu afariki kule Luena, mimi ndiye ninayemsomesha. Kwa hiyo elewa nilivyoingia kwenye ile ofisi. Niliingia nimekunja mikono ya shati.

Mtandao wenyewe niliufunga mimi, wiki tatu nyuma. Watu waliosoma pale zamani walileta laptop tatu mpya: moja ya perefe, moja ya kontabule, yaani mhasibu, moja ya sekretari. Padri alibariki, watu walipiga makofi, sukre, yaani soda, zilifunguliwa, na mimi nikaziandika mashine zote tatu kwa majina kwenye ruta, kile kisanduku kinachogawa mtandao. Kila mashine niliipa anwani yake, kama nyumba inavyopewa namba. Sekretari anaitwa Kyungu, mama mpole wa miaka arobaini hivi. Nikaandika KYUNGU, nikafunga mkoba wangu, nikaenda zangu. Hapo ndipo nilipokosea, na sikujua.

Fundi ana sheria moja: badilisha kitu kimoja, pima, ndipo uguse kingine. Nilizima ile hali ya kubana umeme ambayo hulaza wifi ya laptop bila kukuuliza. Bado ikakata. Niliisogeza laptop mpaka karibu kabisa na ruta. Ikakata. Nilichomeka waya, nikaachana na wifi kabisa. Ikakata! Nilipanda juu ya paa nikakagua antena, waya mmoja baada ya mwingine, mabati yananichoma magoti. Antena nzima. Na laptop nyingine mbili, nakuapia, zilikuwa zinakwenda bila kukohoa.

Basi nikaiwekea ile laptop kipimo: kila sekunde inaita ruta, na ruta inajibu. Jibu, jibu, jibu, kimya. Mara ya nne ya kimya, likatokea tangazo dogo kwenye kona ya kioo: mashine mbili zinatumia anwani moja.

Niamini, nilifurahi. Ugonjwa huo naujua. Mtu anaiba wifi, mashine yake imejipa namba ya mwenzake, basi wanasukumana mlangoni: huyu akiingia, yule anatoka. Nikafungua ruta nione mwizi ni nani. PEREFE. KONTABULE. KYUNGU. Na chini ya Kyungu, kwa namba ileile, KABANGE.

"Yaya Kyungu," nikaita, maana kwetu yaya ni dada mkubwa, "kuya uone. Nani anatumia hii jina?"

Alisoma, akaziba mdomo, akamwita Mungu. "Vidye wami! Nani aliandika jina ya ndugu yangu?"

Kama wewe si wa kwetu, ngoja nikueleze. Kwetu Baluba, Kyungu na Kabange ni majina ya mapacha. Ukisikia la kwanza, uliza la pili. Mapacha hawapewi kitu nusu: ukimletea mmoja kitambaa, unaleta viwili, ukimsalimu mmoja, unamsalimu na mwenzake. Na kama mmoja amefariki, hatusemi amekufa, tunasema amerudi, na fungu lake linaendelea kutengwa. Kila mtoto wa hapa anajua. Mimi najua. Kabange alirudi akiwa na miaka sita, kwa surua, na siku ya zile laptop hakuna aliyemtaja, si padri, si perefe, si mimi, na hata Kyungu mwenyewe alikaa kimya. Nadhani aliona haya kutaja mambo ya mapacha mbele ya wasomi.

Perefe alikuja juu. "Hapa ni masomo, hapana kwa nganga! Kuko mutu anatuchezea!"

Hata mimi nilidhani hivyo. Nikabadilisha neno la siri, nikalifanya refu na gumu, sikumwambia mtu. Baada ya dakika mbili KABANGE akarudi kwenye orodha. Ruta ile huonyesha pia nguvu ya kila mashine. Iliyo karibu ina nguvu, iliyo mbali ni dhaifu. Nikamtafuta mwizi kwa njia hiyo. Unajua niliona nini? Nguvu ya Kabange ilishinda ya wote. Ilishinda ya perefe aliyekuwa chumba cha pili. Mwizi wetu alikuwa ndani ya chumba kilekile, na ndani ya chumba kile tulikuwa mimi na Kyungu.

Niliangalia chini ya meza. Nilifungua kabati. Nilimwambia kila mtu azime simu na atoke nje, Kyungu naye, niachwe peke yangu. Saa nane kamili.

Niliinama kwenye kioo. Nikasikia kiti kinavutwa mbele yangu. Nikainua macho, nikamwona Kyungu ameketi.

"Yaya, niliomba utoke inje kidogo," nikamwambia.

Nikageuza uso dirishani kwa hasira, na kule uani, kwenye bomba, nikamwona Kyungu na gauni lake la buluu ananawa uso.

Nikarudisha macho kwenye kiti, taratibu. Uso uleule. Pengo lilelile la meno ya mbele, mvi zilezile mbili tatu juu ya sikio. Aliyeondoka na miaka sita alikuwa amekua, sambamba na mwenzake, mwaka kwa mwaka. Ila nywele zake zilisukwa kwa uzi mweusi, kama mama zetu walivyotusuka tulipokuwa wadogo, na miguu ilikuwa mitupu, ina vumbi jekundu. Wanakudanganya wanaosema kunakuwa na baridi, sijui harufu. Hakuna. Alikuwa mtu ameketi kwenye kiti, na taa ya ruta ilikuwa nyekundu.

"Ya kwangu iko wapi?" akaniuliza.

Nikaitazama laptop ya Kyungu pale mezani.

"Baliletea Kyungu. Balipiga makofi. Balikunywa sukre. Ya kwangu iko wapi?"

Je, nilikimbia? Miguu ilitaka, mimi nikaikatalia. Niliogopa, sikufichi. Lakini nilitazama saa, nikamkumbuka Mado anavyosoma kwa taa ya simu, na hasira ikapanda juu ya hofu.

"Mama Kabange," nikamwambia, "kosa iko yangu. Minyi njo niliandika Kyungu peke yake. Lakini batoto ba sizyeme balikukosea nini? Juu ya nini unabafungia njia?"

"Kyungu alinisahau."

"Basi uende umwambie yeye! Bulozi gani hii, kukamata mwaka ya mutoto ya bengine? Weye unataka haki yako, na minyi nataka ya mudogo yangu."

Akanikazia macho. Mimi nikamkazia yangu. Nani anabishana na marehemu? Mimi nilibishana.

"Sikia," nikasema, "nitakupatia ya kwako, sasa hivi. Lakini ya Kyungu hautaigusa tena. Ukiigusa nitakufuta, kesho nitakufuta tena, kila siku, mpaka tutachoka sisi wote wawili."

Nikaandika palepale. KABANGE, mstari wake, namba yake mwenyewe, ile inayofuata ya Kyungu. Nikahifadhi. Kisha nikamgeuzia kioo. "Soma."

Aliinama akasoma. Halafu akacheka, kiganja mdomoni, vilevile anavyocheka Kyungu. "Wafwako," akasema, na hiyo ni asante ya Kiluba. Nje mtu akaniita jina, nikageuka kidogo tu, na niliporudi kiti kilikuwa kitupu. Niliweka mkono pale. Kilikuwa na joto la mtu.

Nikamwita Kyungu atume orodha. Kipimo kikawa kinaruka: jibu, jibu, jibu, hakuna kimya. Saa kumi kasorobo tovuti ikakubali majina yote, na la Mado nililisoma mara tatu.

Kyungu nilimweleza tukiwa wawili. Sikumficha kitu. Hakuuliza habari za mtandao. Aliuliza, "Alikomaa?"

"Eko sawa na weye, yaya. Mpaka mvi."

Alilia kwa sauti, mama wa watu, akiwa ameshika ile laptop kifuani. Tangu Jumatatu iliyofuata mezani kwake kuna vikombe viwili vya chai, na asiyependa atazame pembeni.

Perefe hakupenda. "Futa ile jina," akaniamuru. "Bantu batasema nini?"

Nikamsogezea mashine. "Papa Perefe, hii hapa. Futa weye mwenyewe."

Alishika, akasogeza kidole, jasho likamtoka. Mwisho akasema ana mkutano. Hakuniita tena kazini. Alileta kijana kutoka Lubumbashi, na nasikia huyo naye hajaugusa ule mstari. Kuna mhubiri aliyenitaja kanisani kwake kwamba nina mkataba na wafu. Ahubiri tu. Wifi yake ilipokatika mwezi uliofuata, alimtuma nani kuja kuniita? Mkewe. Na nilikwenda, na nilitengeneza.

Lakini sitakuambia kwamba mambo yaliishia pale. Tangu siku ile, kila ruta ninayofungua, nahesabu mashine zilizomo chumbani, halafu nahesabu mistari, na mstari mmoja unazidi: KABANGE. Nimemkuta Luena. Nimemkuta Base, kwenye kambi ya jeshi, kwa mke wa mwanajeshi anayeuza vocha za simu. Hakuna mashine, kuna jina tu. Mara ya kwanza niliangusha bisibisi. Siku hizi namwambia, "Jambo, mama," naendelea na kazi. Hakati mtandao wa mtu. Ahadi yake anaishika kuliko wengi walio hai ninaowajua.

Mado alifanya mtihani, akafaulu, na haamini hata neno moja. "Yaya, joto tu, ulisinzia," ananiambia, anacheka. Acha acheke, ana diploma yake ukutani, mimi nilitaka hiyo tu. Lakini wewe unayekuja Kamina na mkoba wako wa fundi, na elimu yako ya mji mkubwa, nakuonya: kabla hujaandika jina la mtu kwenye ruta, muulize kama alizaliwa peke yake.