Midomo Niliyoinunua Wakati wa Vita

Nilizaliwa karibu bila midomo. Ilikuwepo, la sivyo ningenyonya na nini, lakini ilikuwa myembamba kama mstari wa kalamu, na watoto wa shule hawakuniacha nipumue. "Weye unakulaga na nini?" waliniuliza, na mimi niliwapiga. Nilikuwa mtoto wa ngumi, na mpaka leo hasira yangu haikai mbali. Ila ngumi haikuzi midomo.

Utu uzima ukanikuta nauza vipodozi sokoni Uvira, huku Kongo: poda, mafuta ya nywele, rangi za midomo. Hebu fikiria! Muuza rangi ya midomo asiye na midomo. Wateja walikuwa wakiniambia, "Jipake tuone inakaaje," nami najipaka, wanaangaliana, mmoja anasema, "Rangi ni nzuri, imekosa ukuta tu." Wanacheka, na mimi nacheka nao kwa sababu biashara ni biashara. Nikirudi chumbani kwangu, mtaa wa Rugenge, nageuza kioo kitazame ukutani.

Ndipo nikaona kwenye simu kwamba kuna mwanamke Bujumbura anayejaza midomo kwa sindano. Mdogo wangu alikuwa anakaribia kuolewa na picha zingepigwa. Vita vilikuwa vimeshuka tena kwenye bonde la Ruzizi, na kila siku kilitajwa kijiji kilicho karibu nasi kuliko cha jana. Watu wakasema arusi ingoje. Aka! Kama Uvira ingengoja vita viishe ndiyo watu waoane, wengi wetu tusingezaliwa. Nikachukua akiba niliyoiweka ya kufungua meza ya pili sokoni, nikasema naenda kutafuta bidhaa, nikavuka mpaka pale Kavimvira asubuhi na mapema. Nilikuwa na furaha, na furaha ile ndiyo ninayoionea aibu kwanza.

Yule mwanamke alikuwa mnene, mwenye sauti ndogo, na kabla ya kuwa na saluni yake alikuwa muuguzi. Alinilaza kwenye kiti, akanipaka kremu nyeupe ya kutia ganzi, akaifunika kwa kipande cha nailoni, akasema tungoje. Nikailamba. Nani asingeilamba? Ulimi ukafa ganzi, mate yakanitoka mpaka kidevuni, na midomo yenyewe ikabaki macho. Alipoiona alitikisa kichwa, akanipaka tena, na safari hii akanifunga taulo shingoni kama mtoto anayelishwa. Kisha akajaza barafu ndani ya glavu ya mpira, akanikandamiza pale alipotaka kuchoma.

"Nikichoma, chezesha vidole vya miguu," aliniambia. "Kichwa hakiwezi kushughulika na ncha mbili kwa wakati mmoja."

Halafu akanipa sheria yake. Kabla ya kila sindano ataniuliza, "Niendelee?" Nikiinua mkono, anaacha, hata kama sindano imeshaingia. "Hata ukiinua kwa woga tu," alisema. "Mimi siulizi sababu."

Mungu anisamehe, niliinua mkono kama mwanafunzi anayejua majibu yote. Sindano ya kwanza haikuwa na shida kubwa, kidogo kama siafu. Ya pili, katikati pale chini ya pua, machozi yalitoka yenyewe. Nikapiga kelele, "Unaniua!" Akatoa sindano, akasema "Ihangane," kwa Kirundi chake, yaani vumilia, akaweka barafu, akangoja. Akauliza tena. Nikainua mkono. Akangoja. Wanawake waliokuwa wakisukwa chumba cha pili walikuwa wananicheka, nami nikawatukana kwa ulimi uliokufa ganzi, wakazidi kucheka. Yule wa sindano hakukasirika hata mara moja. Tulipomaliza akanionya: barafu tu, nisiguse, na nisithubutu kukanda kwa maji ya moto maana mdomo utavimba vibaya. Nikajitazama kwenye kioo. Nikatabasamu, upande mmoja tu ukatabasamu.

Sikuwa nimefungua simu. Nilipofika karibu na mpaka mchana ule niliona watu wanakuja upande wangu, magodoro kichwani, masufuria, mbuzi, watoto wamevaa nguo tatu tatu. Mimi peke yangu nilikuwa naelekea Uvira. Waliniambia askari waliokuwa wanakimbia vita wamepita Kavimvira wakivunja maduka na kupiga risasi, na wengine bado wako njiani. Ningerudi Bujumbura kwa nani? Mdogo wangu alikuwa Uvira, chumba changu kilikuwa Uvira. Nikajifunika mdomo na kitenge, nikapita. Mkaguzi wa mpakani aliponitaka nifunue uso, niliufunua. Aliniangalia, akainamisha macho. "Pita, mama," alisema. "Pole sana." Nikamwona mtu wa adabu. Sikuelewa.

Nilielewa nilipofika kwenye uwanja wetu. Tulikuwa wapangaji wa vyumba vitano na bomba moja, na mama wa chumba cha kwanza, mjane aliyetuzidi wote umri, ndiye aliyenifungulia lango. Aliona midomo iliyovimba na kuwa zambarau. Aliona matone ya damu kwenye blauzi yangu nyeupe. Aliona natoka njia ya Kavimvira, siku ile. Akajishika kifua.

"Yesu wangu," alisema. "Mwanangu."

Hakuniuliza kitu. Kwetu mwanamke akitoka njiani siku ya vita akiwa ameumia, haulizwi. Anaingizwa ndani, anachemshiwa maji, anakandwa, wote wananyamaza. Wanasema kumuuliza ni kumrudisha kule alikotoka. Mimi mwenyewe nimewahi kuwachemshia wengine maji hayo.

Nilijaribu kusema. Naapa nilijaribu. Nilitaka kusema siyo hivyo, mama, hakuna aliyenigusa, lakini ganzi ilikuwa bado, na kilichotoka mdomoni kilikuwa mapovu. "Nyamaza, usijisumbue," aliniambia, machozi yanamtoka. Wakaja na wengine. Wakaleta maji ya moto yenye chumvi, kitambaa, wakanikanda midomo. Maji ya moto! Nilikumbuka maneno ya yule wa Bujumbura na sikuwa na la kufanya. Walivyozidi kunikanda nilizidi kuvimba, na nilivyozidi kuvimba walizidi kunihurumia.

Ganzi iliisha kabla jua halijashuka. Mdomo ulikuwa wangu tena na ningeweza kusema. Sikusema. Ningewaambia nini? Kwamba wakati wao wako chini ya vitanda wakisikiliza risasi, mimi nilikuwa nachezesha vidole vya miguu kwenye kiti cha saluni? Mama wa chumba cha kwanza alikuwa ametumia makaa yake ya mwisho kunichemshia maji. Niliona haya. Nikafumba macho nikajifanya nimelala.

Kesho yake risasi zilikuwa zimetulia, na mdogo wangu alikuwa ametuma ujumbe kwamba yuko salama. Akaingia binti wa chumba cha mwisho na bakuli la uji. Alikuwa muuza maandazi, amekuja kwetu akikimbia kutoka bondeni msimu uliopita na mama yake mgonjwa, ambaye alifariki baadaye. Huyo binti tulikuwa hatupatani. Alimaliza maji ya bomba. Alioga asubuhi, akaoga mchana, akaoga jioni, na mimi, kwa mdomo wangu huu mbaya, nilimbatiza Samaki, mbele za watu. "Samaki, tuachie na sisi maji!" Hakunijibu kamwe.

Alikaa chini, akanilisha kijiko kwa kijiko, akiufuta mdomo wangu polepole. Kisha akaanza kusema, akiangalia bakuli.

"Yaya," aliniita, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, "minye najua. Sikusema kwa muntu. Kwenye bariera ya askari kule bondeni, na minye pia." Akakoroga uji. "Mama yangu alikuwa amejificha kwenye mihogo, karibu sana. Sikutaka asikie. Nikauma kitenge changu mpaka ikaisha. Hakusikia. Alikufa hajui."

Nilikumbuka sauti yangu mwenyewe, "Unaniua!", kwa sindano nyembamba kama unywele.

"Mpaka leo iko inauma," alisema. "Hapa chini. Nikikaa, nikikojoa. Kule hospitali kuna chumba cha wanawake kama sisi, lakini minye naogopa kwenda peke yangu. Nafika kwenye lango narudi. Sasa tuko wawili. Twende wote, yaya?"

Wanawake kama sisi. Nilitaka ardhi ipasuke. Nikimwambia ukweli, hatakwenda. Atarudi kwenye maumivu yake na kuoga kwake, na hatamwamini tena mtu yeyote. Nisipomwambia, nitaingia kwenye chumba kile nikiwa mwizi. Nikaitikia kwa kichwa. Ndilo lililokuwa rahisi.

Tulitoka, yeye amenishika mkono kwa sababu aliona mimi ndiye niliyeumia karibuni. Barabara ilikuwa karibu tupu, maduka yamefungwa, viatu vya watu vimetawanyika vile vilivyoachwa na waliokimbia. Kila mwanamke tuliyekutana naye aliniangalia mdomo akasema pole, na kila pole ilinichoma. Tulipoliona lango la hospitali binti alipunguza mwendo. Akanikaza mkono zaidi. "Weye utaingia kwanza," alisema. "Nikiona umeingia, minye nitaweza."

Hapo nikashindwa. Nikasimama katikati ya barabara.

"Hakuna aliyenipiga," nilisema. "Hakuna aliyenigusa. Midomo hii niliinunua Bujumbura. Mwanamke alinichoma sindano ili niwe mzuri kwenye arusi."

Nilingoja anitemee mate. Ningeyapokea. Aliniachia mkono, akaniangalia midomo muda mrefu, kama anaiona kwa mara ya kwanza. Nilisema yote, sikuacha kitu, nikamwambia hata kremu niliyoilamba, na barafu, na vidole vya miguu, kwa kuwa ningenyamaza ningelia, na kulia kungekuwa kumwibia tena.

"Iliuma?" aliniuliza.

"Iliuma."

"Alikuwa anakuuliza kwanza?"

"Kila mara. Anasema, niendelee? Nikiinua mkono anaacha."

"Ukiinua mukono, anaacha?"

"Anaacha."

"Aliacha kweli?"

"Aliacha kweli. Nilimsumbua sana. Kila nilipoinua, aliacha."

Alitazama kule tulikotoka, nikajua amekwisha kuondoka, na kwamba ni mimi niliyemrudisha. Nilianza kumwomba msamaha, maneno yanapishana kwenye midomo ile mikubwa ya kijinga. Akanikatiza.

"Twende," alisema. "Weye utamwambia yule wa mule ndani aniulize vile."

Tukaingia. Mimi ndiye niliyegonga mlango. Muuguzi, mwanamke wa makamo aliyechoka, aliniona midomo akanivutia kiti, akaanza kuvaa glavu kwa ajili yangu. "Si mimi," nilimwambia. "Ni huyu. Mimi midomo nimejitakia." Alinitazama kwa namna ambayo siwezi kuisahau, na alikuwa na haki yake. Nikamweleza sheria ya Bujumbura: muulize kabla ya kumgusa, na akiinua mkono, acha, usimuulize sababu. Nilidhani atanifukuza. Akasema sawa.

Binti alilala, amefunikwa shuka. Niliketi upande wa kichwani pake, nimegeuka ukutani, yeye ameshika kidole changu kimoja. Muuguzi akauliza, "Niendelee?"

Mkono ukainuka. Muuguzi akaacha. Alikuwa hajamgusa bado.

Mkono ukashuka. "Niendelee?" Ukainuka tena. Akaacha tena. Ukashuka, akauliza, ukainuka, akaacha, na hivyo tukakaa asubuhi ile, hakuna kilichofanyika, hakuna kilichouma. Muuguzi alianza kunitupia macho na mimi nikatikisa kichwa: mwache. Nilikuwa nimemwelewa. Binti alikuwa anajaribu tu kuona kama sheria ile inafanya kazi.