Kiota cha Fundichuma

Nilipokuwa mtoto pale Pangani ya Kibaha, hakuna aliyethubutu kurusha jiwe kwenye kiota cha fundichuma. Ni ndege wa kahawia, kichwa chake kama nyundo, na kiota chake cha vijiti ni kikubwa kuliko tenga la kuku. Bibi mzaa mama, aliyetoka Kisarawe kuja kuishi nasi, alituambia kwamba anayemvunjia fundichuma nyumba, yake nayo haisimami. Tuliamini, na ndege walizaa kwa amani.

Kisha Baba Neema, mgeni kutoka bara, akanunua kiwanja cha jirani. Mkuyu wenye kiota ulikuwa mpakani, naye alitaka kujenga ukuta. Siku alipokuja na watu wa msumeno, Bibi alijifunga kanga kiunoni akaenda kusimama shinani.

"Mwanangu, kuna makinda humo juu. Wasikie wanavyolia. Ngoja waruke, halafu ukate."

"Shikamoo, Bibi. Mafundi wa ukuta wanaanza kesho."

"Marahaba. Basi ujue, ukiivunja nyumba yake, yako haitasimama."

Baba yangu, mzee wa kanisa, alipolisikia neno hilo aliona aibu kubwa mbele ya jirani. "Mama, tafadhali, tuache ushirikina," akasema, akamshika mkono akamrudisha ndani. Makinda hawakutajwa tena. Mpaka leo damu inanichemka. Wanaume wazima wawili walishindana na imani ya ajuza, na kumbe alichoomba ni subira tu.

Mkuyu ulianguka kabla ya adhuhuri. Bibi aliwaokota makinda kwa kanga, wakafa mmoja baada ya mwingine. Wazazi wao walizunguka pale siku kadhaa, wakilia.

Masika yakaja, ukuta ukalala chini. Mimi nasema ni maji, maana mizizi iliyoshika udongo haikuwepo tena. Mtaa ulisema ni Bibi. Wale wale waliomcheka siku ya mkuyu kwa kuamini mambo ya kale sasa walimwita mchawi, wakawavuta watoto wao akipita dukani. Baba Neema akaacha hata kumwamkia. Hawana haya!

Mama alimsihi Bibi apite nyumba kwa nyumba akanushe.

"Sikanushi," Bibi alisema, huku akichambua mchicha. "Si wananiogopa? Waache waogope. Wakiona kiota, watangoja."

Na kweli walingoja. Tangu hapo, mtu akitaka kukata mti wenye kiota alimtuma mtoto kwanza, aje kumuuliza Bibi kama makinda wamesharuka. Wenyewe hawakuthubutu kuingia uani kwetu.

Alipofariki, kwenye turubai la msiba viti vingi vilibaki vitupu. Nimesamehe mengi maishani, hili bado. Bibi aliwaomba wangoje majuma machache tu, nao wakamtoza kwa hilo jina lake jema lote.