Dakika Tatu za Wakili Marlys

Kwa miaka kumi na saba Marlys Engebretson aliwatetea wasioweza kumlipa wakili katika kaunti yetu ya Tamarack, na miaka yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikifagia korido ya mahakama aliyofanyia kazi. Kaunti ilimpa mkataba wa kiasi kimoja kwa mwaka, kesi zije chache, zije nyingi. Na zilikuja nyingi. Kila Jumanne washtakiwa walikaa kwenye benchi, naye akichuchumaa mbele ya mmoja mmoja, akinong'ona naye kabla karani hajaita jina. Wengi walikiri makosa hapo hapo. Mungu ndiye anayejua ni wangapi hawakuwa na hatia.

Mkataba ulipokaribia kwisha, Marlys aliwaandikia madiwani kwamba hatasaini tena mpaka waweke kikomo cha kesi na wamwajirie mpelelezi wa kumtafutia ushahidi. Wakili mmoja wa mji jirani akaiomba kazi hiyo hiyo kwa bei ya chini, bila masharti. Madiwani wetu watatu ni watu wa ng'ombe na ngano, na bei ya chini wanaipenda. Kanisani watu wakasema Marlys amejitakia, maana ana miaka hamsini na sita na kazi nyingine ya uwakili huku hakuna. Nilimwombea. Nikampelekea supu ya viazi, akainywa amesimama.

Kwenye kikao cha madiwani mwananchi yeyote hupewa dakika tatu. Kengele ikilia unakaa, hata uwe nani. Zamu ya Marlys ilipofika hakuhutubia. Alimwendea mwenyekiti, Duane Pruitt, akachuchumaa mbele yake kama afanyavyo kwa washtakiwa kila Jumanne.

"Mzee Duane, unashtakiwa kuiba trela. Ukikiri, leo unalala kwako, lakini na jina la mwizi. Ukikataa, unakaa mahabusu wiki sita, na ng'ombe wako ndio wanazaa. Unachagua lipi?"

Watu wakacheka, na Duane naye akacheka. Akasema trela ni lake, risiti iko kwenye droo nyumbani.

"Sina mtu wa kwenda kuitafuta. Na nyuma yako wamebaki kumi na wanane."

"Ngoja basi, Marlys, nikueleze. Kaka yangu alikuwepo siku nili..."

Kengele ikalia. Hakuna aliyecheka tena.

"Sijamaliza kujieleza," Duane akasema polepole.

"Na wao huwa hawajamaliza," Marlys akasema, akarudi kukaa.

Diwani Lyle Brandvold, mbishi wa kuzaliwa, akauliza hela zitatoka wapi. Duane hata hakumgeukia. "Lyle, mwaka jana tulinunua greda, na barabara ya kwanza kuchongwa ilikuwa ya kwako. Zitapatikana."

Kura zikawa mbili kwa moja. Kikomo kikaandikwa kwenye mkataba, na mpelelezi pia. Watu walisimama wakapiga makofi, nami nikamshukuru Mungu kwa sauti, kitu ambacho sina kawaida nacho mbele za watu.

Mwezi wa kwanza tu, huyo mpelelezi, dada mfupi aitwaye Geri, alipata picha za kamera ya kituo cha mafuta. Zilionyesha kwamba Curtis Oakes, fundi bomba aliyeshtakiwa kuvunja duka, alikuwa maili arobaini kutoka dukani saa ile ile. Jaji akamwachia. Curtis akatoka, akamkumbatia Marlys mpaka viatu vyake vikaacha sakafu, na korido nzima ikashangilia.