Ushuhuda Nilioutafsiri Nakivale

Wapo watakaokuambia kwamba siku ile nilikuwa na malaria, na kwamba mgonjwa wa malaria huona mambo. Sikuwa na homa. Nilikuwa nimelala vizuri, nimekula, ni Jumapili mchana kweupe na kanisa limejaa. Walioona nilichokiona bado wako hai, wengine wanauza nyanya pale sokoni Kabingo. Nenda ukawaulize. Huenda wakakukimbia, lakini hawatakuambia ni uongo.

Nilifika Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, mwaka 2008 kutoka Rutshuru, na mume wangu, Baba Neema, na mtoto mgongoni. Hatukuwa na kitu. Mtu wa kwanza kutuuliza kama tumekula alikuwa Pasta Yeremia. Alikata turubai lake vipande viwili, akatupa kimoja. Alitubatiza ziwani kwa mikono yake. Neema alipougua, yeye ndiye aliyembeba hadi zahanati, mvua ikimnyeshea. Baba yangu mzazi nilimwacha Kongo, kaburini, basi Pasta nikampa nafasi ile. Nilimwita Papa.

Tena nilikuwa mtafsiri wake. Baba mzazi alikuwa mwalimu, ndiyo maana nilijua Kifaransa, Kiswahili na Kinyarwanda. Pasta akihubiri kwa Kiswahili, mimi nilikuwa pembeni yake nageuza kwa Kinyarwanda. Akinong'ona nanong'ona, akinguruma nanguruma. Watu walisema tunavuta pumzi moja.

Jumapili hiyo, wakati wa ushuhuda, mama mmoja alisimama viti vya nyuma. Hatukumjua, lakini wageni walikuwa wakiingia kambini kila wiki, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Alivaa kitenge cha kwaya cha kijani kilichopauka. Nikamshika mkono kumleta mbele. Niamini, mkono ule ulikuwa baridi kama udongo wa shimoni, na nje jua linachoma.

Akaanza kusema. Hakikuwa Kiswahili wala lugha yoyote ninayoijua. Baadaye ndipo nikaambiwa kuwa ni Kirega, lugha ya kwao Pasta. Kanisani mle walioijua walikuwa wawili tu, Pasta na mke wake. Nilitaka kugeuka nimwambie Papa kwamba hii siiwezi. Lakini mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka, na maneno yalikuwa yanatoka kwa Kiswahili, moja baada ya jingine, bila mimi kuyatafuta.

Utasema nilibuni? Mimi mwenyewe ningesema hivyo, kama si Mama Pasta. Alikaa benchi la mbele. Yule mgeni alipokuwa akitamka jambo, Mama Pasta alikuwa akilia kwanza, ndipo mimi natafsiri. Alikuwa ananitangulia. Kanisa zima liliona.

Nilichotafsiri ni hiki:

"Kwetu, watu wenye bunduki walikuja wakati wa mazoezi ya kwaya. Tulijificha chini ya jukwaa la kanisa, sisi na watoto wetu. Waliingia, wakatafuta, hawakutuona, wakatoka. Nje wakamkuta mchungaji na familia yake. Kisha tukasikia mchungaji amerudi mlangoni. Akaniita kwa jina langu. Akasema, tokeni, wameshakwenda. Wenzangu walinivuta nguo nisitoke. Nilitoka wa kwanza, kwa sababu sauti ya mchungaji wangu nilikuwa naijua. Hawakuwa wamekwenda. Walikuwa wamesimama nyuma yake."

Yule mama akaniinamishia kichwa kama mtu anayeshukuru, akapita katikati ya mabenchi, akatoka. Wazee wa kanisa walimfuata mbio. Nje palikuwa na uwanja mtupu na watoto wanaopiga mpira. Watoto wakasema hakuna mtu aliyetoka mlango ule.

Pasta alifunga ibada bila wimbo.

Kesho yake alinijia jikoni. Nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo. Alikaa juu ya jerikeni.

"Yule ni Mama Wabiwa," akasema. "Alikuwa kiongozi ya kwaya yangu. Nilimuzika mimi mwenyewe, na hii mikono."

Mchi ukanitoka. "Papa, ni kweli vile alisema?"

"Sababu ya ile, bibi yangu na batoto bangu beko bazima. Ungekuwa mimi, ungefanya nini?"

Laiti angeishia hapo! Ningelia pamoja naye. Ni nani kambini ambaye hakuacha mtu nyuma? Lakini alifuta uso, akanitazama kama mtu mwenye shughuli.

"Siku ya Mungu, Jumapili, utasimama mbele ya kanisa. Utasema ulidanganya. Ile luga hauijue, nani atabishana na weye?"

"Mimi nitaitwa mwongo, Papa?"

"Weye watakusamehe. Mimi nikianguka, kanisa yote itaanguka."

Nikamwambia siwezi. Akainuka, hakuniaga.

Jumapili iliyofuata hakunisubiri nisimame. Alitangaza kwamba pepo wa uongo ameingia kanisani kupitia kwangu. Wazee wakanipigisha magoti. Mikono ile ile iliyonitoa majini ikakaa juu ya kichwa changu, ikakandamiza hadi shingo ikauma, na sauti juu yangu inapiga kelele: "Toka! Mutoke huyu mwanamuke!" Pembeni alisimama mtafsiri mpya, akigeuza kila neno kwa Kinyarwanda, bila kunitazama. Nilimtafuta Mama Pasta kwa macho. Yeye alijua kila kitu. Neno lake moja lingeniokoa. Alikuwa anaongoza wimbo, na wimbo wenyewe aliuimba kwa nguvu.

Nikaenda Mbarara. Askofu wa kanisa letu, Mganda, alikaa Ruti, pembeni ya mji huo. Nikadhani yeye atasikia, maana kazi yake ni kuwachunga wachungaji. Alinipokea vizuri, akaniletea soda. Nilimweleza mwanzo hadi mwisho.

"Sasa mama," akaniuliza, "hii maneno umeambia nani ingine?"

"Kanisa zima lilisikia, Askofu."

"Basi wewe nyamaza. Kanisa iko ya Mungu, hapana ya Yeremia. Sisi tutaomba."

Hakuuliza kama ni kweli. Hakuuliza hata waliokufa walikuwa wangapi. Alinisindikiza hadi barabarani na kunipungia mkono. Miezi michache baadaye tukasikia Pasta Yeremia amehamishiwa Mbarara, kwenye kanisa la matofali lenye vipaza sauti.

Tangu hapo sijatafsiri tena. Nikijaribu, ulimi unakauka na Kifaransa chote kinanikimbia. Mgeni akisimama popote kusema lugha nisiyoijua, naondoka, hata kama ni msibani, kwa sababu naogopa nitaielewa. Mkono ule uliomshika Mama Wabiwa unaniuma kila asubuhi. Daktari ameupima, hajaona kitu.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, mheshimu mchungaji wako, mpe kiti na chakula. Lakini usimkabidhi nafasi ya baba yako, wala mdomo wako. Siku atakapotakiwa kuchagua, utajua wewe ni nani kwake, na utakuwa umechelewa.

Sijakuambia bado lililoniumiza kuliko yote. Pasta huja Nakivale kila mara kuhubiri, na Baba Neema huvaa shati lake jeupe, akawashika watoto mkono, akaenda kumsikiliza. Mume wangu alikuwa mle ndani siku ile. Alimwona yule mama, alinisikia, aliona Mama Pasta akilia. Nilimuuliza anawezaje kwenda kukaa pale.

Alikuwa anafunga kamba za viatu. Hakuinua kichwa.

"Najua ulisema kweli, Mama Neema," akasema. "Lakini hapa hatuna ndugu. Siku tutakufa, nani atatuzika?"

Akatoka na watoto. Mimi nikabaki mlangoni, nikiwatazama wanakwenda.