Siku ya Chuseok, bibi wa Kikorea alitupotea Mawaleh

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni Mtanzania, dada wa kazi hapa Muscat. Hili limenikuta mwenyewe na nalileta kama lilivyokuwa, sijaongeza chumvi.

Nafanya kazi kwa Wakorea, mtaa wa Mawaleh. Baba na Madam wote wanaenda ofisini. Mwaka huu walimleta mama yake Baba baada ya kufiwa na mumewe. Tunamwita Halmoni, yaani bibi kwa Kikorea. Hajui Kiarabu wala Kiingereza. Mimi na yeye ni ishara na kucheka tu.

Ikafika Chuseok, sikukuu yao ya mavuno. Kwao watu wanarudi vijijini, wanafyeka makaburi ya wazee wao, wanakula pamoja. Ukiwa Mchaga nadhani ushaelewa, Desemba ile.

Ila Oman siyo holiday. Asubuhi walipanga vyakula mezani mbele ya picha ya marehemu, wakainama mpaka chini, kisha wakawahi kazini. Halmoni akabaki anaitazama ile picha.

Nikapanda juu kuanika nguo.

Kushuka, mlango uko wazi. Halmoni hayupo.

Wakuu, nikakimbilia getini, mtaa mtupu. Jua la huku mnalisikia tu. Bibi mzee, hana simu, hana lugha. Nikampigia Madam, akasema anakuja.

Nilizunguka mtaa, nikauliza dukani, nikauliza msikitini. Hakuna aliyemwona. Kichwani nilishaona ambulance, polisi, na mimi narudishwa Bongo.

Geti moja la kona likafunguliwa. Mama wa Kiomani akaniita kwa Kiswahili cha Unguja kabisa.

"Unamtafuta bibi wa Kichina?"

Nikamwambia ni Mkorea.

"Basi yupo kwangu, anakunywa kahawa. Pita mwanangu."

Nikamkuta Halmoni amekaa majlis, sebule yao ya wageni, viatu kavua, anakula halwa. Pembeni kuna sahani ya songpyeon, vile vimkate vyao vya unga wa mchele, ndani ufuta na asali. Kumbe alitoka kuwapelekea majirani, kama wafanyavyo kwao. Na picha ya mumewe alikuwa nayo kwenye mkoba.

Yule mama, Bi Salma, akaniambia taratibu, "Kanionesha picha, akalia. Na mie juzi tu nimetoka eda ya mume wangu. Hatukuhitaji mkalimani."

Nikakaa chini nikalia, lakini kilio cha kushusha pumzi.

Nikampigia tena Madam kumwelekeza. Alipofika nilijua nimeisha. Akamkumbatia mama mkwe wake, halafu akanikumbatia na mimi. Tukala wote pale, tukarudi nyumbani mchana.

Siku hizi kila Ijumaa Halmoni anaenda kwa Bi Salma. Wanakaa saa nzima, kila mmoja anaongea lugha yake, na wanacheka.

Nilichojifunza: sikukuu ndiyo siku inayomuumiza zaidi mfiwa. Usimwache peke yake na nyumba tupu, hata kama humuelewi neno.

Mlio mbali na kwenu, sikukuu inapofika mnakaa na nani? Tiririkeni, nasoma zote.