Kochi la Kijani, Mkono wa Bluu

Mtaa mzima ulimwita Fundi Sponji, na jina hilo hakulichukia. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, mlango wazi barabarani, na ndani makochi yaliyovuliwa nguo, kopo la gamu ya kugundishia, na majora ya velveti yamesimamishwa ukutani. Kama huna subira, kwake ulikuwa usiende. Hakuwahi kuweka kitambaa kipya juu ya cha zamani, hata ungempigia magoti. Alibandua kila kitu mpaka zikabaki mbao tupu, akazigonga moja moja, akatoa iliyooza, ndipo akaanza kulivisha kochi.

"Wewe funika tu, Fundi. Nani atachungulia huko ndani?" wateja walimsihi.

"Kazi yangu kufunika. Wa kuficha mtafute mwingine," aliwajibu. "Kochi lililofichwa uozo litakuangusha siku umetembelewa na wakwe."

Maneno matamu hayo, na watu walicheka. Ila kinyozi hajinyoi, jamani. Huyu aliyekataa kuficha ubao mbovu alikuwa anaficha macho yake mwenyewe. Ukungu ulimwanzia taratibu, kama kioo cha dirisha ambacho hakuna anayekipangusa, na kila ulipozidi naye alizidi kunyamaza. Mkewe, ambaye alilala naye kitanda kimoja, hakuambiwa.

Aliogopa, na mimi sitampamba. Kaka yake mkubwa alipofuka, na Fundi aliwaona watu wakimuuliza shemeji yake, "Anakunywa maji?" na kaka mwenyewe amekaa hapo hapo. Basi akajikaza kisabuni. Uzi aliutunga sindanoni kwa kuipapasa kwa ncha ya ulimi. Rangi aliziweka ukutani kwa mpango: kijani kulia, bluu kushoto, maruni katikati. Na velveti yenyewe ilimsaidia, maana velveti ni kitambaa cha kiganja. Ukipapasa upande mmoja manyoya yanalala, ukirudi yanakugomea, na fundi anayejua kazi hulaza vipande vyote upande mmoja, la sivyo kochi litaonekana lina mabaka. Kiganja chake hakikuwahi kumdanganya katika hilo.

Mkewe alifundisha Kiingereza shule ya pale karibu, na hata mumewe alimwita Mwalimu. Jioni moja alikuwa anasahihisha madaftari huku anaguna.

"Darasa zima limeandika cover," alisema. "Sufuria ina kifuniko, cover. Mwizi kaficha begi, cover. Maiti kavishwa sanda, cover."

"Si kufunika tu?" Fundi alisema. "Hao wenye lugha yao wanapenda kunenepesha kamusi."

"Kufunika tu? Haya. Umelala, nikakutupia shuka. Nimekufanyaje?"

"Umenifunika."

"Umelala uchi, mgeni akabisha hodi, nikakutupia shuka lile lile?"

Fundi alicheka. "Hapo umenisitiri, mke wangu. Mungu akuzidishie."

"Na nikitia kitu chini ya shuka hilo, nisitake ukijue?"

Fundi aliinama kutafuta kiatu ambacho hakikuwa kimepotea. "Hapo umenificha," alisema.

"Umeona? Shuka ni moja. Swali ni nani asione, na ni kwa faida ya nani. Wenzetu wana hide ya kuficha, wana veil ya ushungi, wana shroud ya sanda, kila moja na mahali pake. Hawa wanangu wameona shuka tu." Alimtazama mumewe kidogo, kisha akarudi kwenye kalamu yake nyekundu.

Sasa, jirani yao mwenye duka la dawa, rafiki wa Mwalimu, alikuwa ameagiza kochi la velveti ya kijani. Fundi alilibandua, akalitengeneza, akalivisha kwa siku kadhaa. Katikati ya kazi hiyo Mwalimu alifagia karakana, kwa nia njema kabisa, na majora akayarudisha ukutani alivyoona yeye. Hakujua kwamba pale ukutani ndipo mumewe alipoweka macho yake. Fundi alimaliza mkono wa mwisho, akapapasa manyoya, yakalala vizuri, akatandika shuka juu ya kochi kuzuia vumbi. Akampigia simu mteja kwamba mzigo uko tayari.

Mwalimu alirudi kutoka shule akiwa ameongozana na yule jirani. Jirani alikuwa bado mlangoni anavua viatu Mwalimu alipoinua pembe ya shuka. Kochi la kijani lilikuwa na mkono mmoja wa bluu.

Mwalimu alilishusha shuka pale pale. "Halijakauka, mwenzangu," alisema. "Gamu bado mbichi. Ukilibeba leo litakuharibikia. Njoo keshokutwa."

"Shemeji, si umenipigia mwenyewe?" jirani alimuuliza Fundi.

Fundi alifungua kinywa, na mkewe akamfinya mgongoni. "Alikuwa na haraka ya kusifiwa," Mwalimu alisema. "Wanaume unawajua." Jirani akacheka, akavaa viatu vyake, akaondoka.

"Mbona umenitia uongoni?" Fundi aliuliza walipobaki wawili. "Gamu imekauka tangu mchana."

Mwalimu aliondoa shuka, akaushika mkono wa mumewe, akauweka juu ya mkono wa kochi. "Hii rangi gani?"

Fundi alipapasa. "Kijani."

"Na huu wa pili?"

"Kijani."

"Huo ni bluu, mume wangu."

Fundi alikaa chini, kwenye vipande vya nyuzi na misumari, kama mtu aliyesukumwa. Mwalimu naye akakaa, na sketi yake ya kazini.

"Niliogopa," Fundi alisema. "Niliogopa utaanza kunijibia."

"Mimi nilijua tangu siku ile uliyomwaga chai nje ya kikombe ukasema kikombe kimepinda," Mwalimu alisema. "Nikajiambia nisimwaibishe, atasema mwenyewe. Nikajisifu kwamba nakusitiri. Kusitiri gani huko? Kukusitiri nimekusitiri leo tu, mbele ya mtu wa nje. Siku zote nyingine tulikuwa tunafichana humu ndani, na macho yanaharibika." Akamsogezea uso. "Mimi unanionaje?"

"Nakuona."

"Sema kweli."

"Naona kivuli kinachotembea kama wewe," alisema. "Sauti naijua. Uso naukumbuka."

Mwalimu alilia bila kelele, na Fundi hakujua mpaka alipomgusa shavu. Kisha wakaufumua mkono wa bluu pamoja, yeye akitaja rangi na Fundi akikata.

Jirani aliporudi, Fundi alimweleza mwenyewe kila kitu, mkono wa bluu na macho, kabla hajaonyeshwa kochi. Alitegemea huruma, akapewa karipio. "Shemeji, mimi nashinda na dawa nyumba ya tatu kutoka hapa, nawe hukuja hata kuniuliza? Hebu geukia mwangani." Alimchungulia jicho moja, akamchungulia la pili. "Hapo katikati pameupe. Nahisi ni mtoto wa jicho, na huyo anatolewa. Mficha uchi hazai, ndugu yangu. Kesho nendeni hospitali."

Walikwenda. Daktari alithibitisha, lakini aliwaambia kwamba wangefika mapema zaidi ingekuwa nafuu: jicho la kulia lina matumaini, la kushoto asiwadanganye. Fundi alipasuliwa lile la kulia, likafungwa bandeji, na usiku ule Mwalimu alimshika mkono mpaka akasinzia.

Asubuhi nesi alimfungua. Fundi alipepesa jicho, likamtoka machozi, akaona dirisha, akaona mikono yake ina alama za gamu. Kisha akageuka kwa mkewe na kumtazama kwa muda mrefu, hata Mwalimu akaona haya na kuinamisha kichwa.

"Unaona nini?" alimuuliza.

"Umezeeka, Mwalimu."

Nesi alijikohoza. Mwalimu akacheka huku anajifuta uso. "Na wewe je?"

Lakini Fundi hakucheka. Alinyoosha kidole akagusa mikunjo iliyo pembeni ya macho ya mkewe, mmoja baada ya mwingine.

"Hii yote siijui," alisema. "Umezeeka peke yako."