Shimo la Maji Mtoni

Juzi nikivuka daraja kuingia Bariadi niliona wanawake wameinamia mchanga wa mto uliokauka, wakichimba maji. Harufu ya mchanga mbichi ikanirudisha kwenye mchana mmoja wa utotoni, nikiwa na bibi yangu.

Bibi ndiye aliyeongoza sala kigangoni, kanisa letu dogo la kijijini. Niliamini Mungu humwitikia kwa sauti, kama jirani anayeitwa ng'ambo ya ua wa minyaa. Siku hiyo tulichimba shimo mtoni kwa bakuli mpaka mkono wake ukazama hadi begani, na chini tukakuta unyevu tu. Nikaanza kukwangua kwa kibuyu.

"Acha, mjukuu wangu. Ukichokora litabomoka. Kaa, maji yatakuja yenyewe."

Tukakaa. Ng'ombe wenye kiu walikuwa wakilia kwa mbali.

"Bibi, si umwombe Mungu ayaharakishe? Wewe anakujibu."

"Mimi? Tangu babu yako afariki, sijamsikia Mungu akinijibu."

Nilishtuka mpaka kibuyu kikaniponyoka. Nilidhani dini imekwisha, na kwamba Jumapili bibi atabaki nyumbani.

"Sasa kila asubuhi unaongea na nani?"

"Na yeye huyo huyo. Akinyamaza, mimi niende wapi?"

Maji yalipoanza kung'aa chini ya shimo nilishangilia, nikayasahau maneno yake. Siku hizi nami napiga magoti nisisikie kitu, na ndipo ninaposhtuka upya: nyimbo zote zile alizotuanzishia kanisani, bibi aliziimba shimo lake likiwa bado kavu.